Chumvi, Sukari na Maji ya Ziwa: Rumonge Tangu Mwaka 1978

[MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA TARATIBU.]

 

Kipindi cha leo kinahusu maji. Tutazungumza juu ya maji ya kuoga, maji ya kukandia, maji ya kujifukiza, na zaidi ya yote maji ya kunywa yaliyotiwa chumvi na sukari. Lakini hatutaanza na kijiko. Tutaanza na historia, kwa sababu mtu akijua dawa ilitoka wapi, na iliwagharimu wengine nini, haisahau haraka.

Shika kalamu ukiwa nayo. Kama huna, shika masikio.

[MUZIKI MFUPI]

Sehemu ya kwanza: Watu wa maji

Sisi wa mwambao huu ni watu wa maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha karibu mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu linalolizidi kina, nalo ni Baikal huko Urusi. Ziwa hili linatupa ndagala na mukeke. Linabeba mitumbwi na mizigo yetu. Watoto wetu hujifunza kuogelea kabla hawajajua kuandika majina yao.

Na tangu zamani watu wa hapa wametafuta uponyaji ndani ya maji. Wengi wenu mnayajua maji moto ya Mugara, hapa hapa komini ya Rumonge. Nchi yetu imekaa kwenye Bonde la Ufa. Ardhi ilipopasuka, iliacha nyufa ndefu. Maji ya mvua hushuka katika nyufa hizo, yakapata joto huko chini, kisha hupanda tena juu yakiwa moto. Ndiyo maana hayahitaji kuni. Mzee mwenye magoti yanayouma, au mtu aliyebeba mizigo mwaka mzima, akikaa ndani ya maji hayo hujisikia mwepesi.

Majumbani pia kuna elimu ya maji. Mama aliyejifungua hukandwa kwa taulo lililochovywa katika maji ya moto. Mwenye mafua hujifukiza chini ya blanketi. Mwenye koo linalouma husukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mtoto mwenye homa hupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Hakuna aliyesomea mambo haya shuleni. Bibi alimfundisha mama, na mama akamfundisha binti.

Mwishoni mwa kipindi tutarudi kwenye dawa hizi moja moja, tuone ipi inasaidia, kwa kiasi gani, na ipi inaweza kuumiza. Lakini kwanza ni lazima tuseme jambo gumu. Ziwa hili tunalolipenda limewahi kutuletea kifo, na njia iliyopita ilikuwa kikombe na kuoga.

[MUZIKI MFUPI]

Sehemu ya pili: Mgeni wa mwaka 1978

Ugonjwa wenyewe unaitwa kipindupindu. Wengi wetu hapa tunauita kolera. Haukuzaliwa hapa. Kwa karne nyingi ulikuwa maradhi ya Bara Hindi, hasa nchi za mdomo wa mto Ganges. Katika karne ya 19 ulianza kusafiri pamoja na majeshi, mahujaji na wafanyabiashara. Mwaka 1869 na 1870 uliua watu wengi sana Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani wakati ule, aliwauliza wasafiri na watu wa misafara, kisha akaandika kitabu kizima kilichochapwa mwaka 1876, akifuata nyayo za ugonjwa huo kwenye njia za biashara za Afrika Mashariki. Tangu siku zile ilikuwa wazi kwamba kipindupindu hutembea na watu.

Safari iliyotufikia sisi ilianza mwaka 1961 katika visiwa vya Indonesia. Kutoka huko ugonjwa ulipita Asia, na mwaka 1970 ukaingia Afrika Magharibi. Mwaka 1978 ukafika kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, ukaingia Burundi, na mwambao wetu ukaugua.

Fikiria nyumba ya wakati ule. Mtu mzima, mvuvi mwenye nguvu, anaanza kuharisha asubuhi. Hana homa kali. Kinyesi chake si cha kawaida, ni maji meupe kama yale uliyooshea mchele. Anatapika. Macho yanadidimia. Vidole vinakunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Sauti inakauka. Jioni anaweza kuwa amekufa, na majirani hawaelewi ni kitu gani kimepita. Ugonjwa wa ghafla namna hiyo huzaa uvumi. Watu hutafuta mchawi, hutafuta mwenye sumu, hutafuta mgeni wa kulaumiwa.

Tangu mwaka huo kolera haikutuaga moja kwa moja.  Na mwaka 1992 ilirudi Rumonge kwa nguvu.

Sehemu ya tatu: Swali la Rumonge, mwaka 1992

Mwaka 1992, wagonjwa walipoongezeka, watafiti wa afya walikuja mjini Rumonge na swali moja: ugonjwa unapita wapi? Wangeweza kukisia. Lakini walifanya kazi ya subira. Walichukua watu 56 waliougua, na kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wanaofanana naye ambao hawakuugua. Hao walikuwa 112. Kisha wakawauliza wote maswali yale yale. Ulikunywa maji gani? Ulioga wapi? Uliishi mtaa gani? Wakachukua pia maji, ya ziwa na ya mabomba, wakayapima.

Majibu yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet, na jina la mji wetu limo humo. Mitaa iliyopakana na ziwa iliugua zaidi. Waliokunywa maji ya ziwa waliugua zaidi ya wasiokunywa. Na hata kuoga ziwani, peke yake, kuliongeza hatari. Kijidudu cha kolera kilipatikana katika maji ya ziwa. Katika maji ya mabomba ya mji hakikupatikana.

Sikiliza vizuri, ndugu yangu, maana hapa ndipo penye uzito. Kuna watu wanaosema, "Mimi sinywi maji ya ziwa, naoga tu." Lakini anayeoga ziwani hujimwagia maji usoni, husukutua mdomo, hupiga mbizi. Mtoto anayecheza majini humeza maji bila kujua. Na pale pale anapooga mmoja, hatua chache mwingine anafua nguo za mgonjwa, na mwingine anaosha sufuria. Ziwa ni kubwa kweli, lakini sehemu unayoogea wewe ni ndogo, na mnaitumia wengi.

Utafiti ule uliondoa pia lawama. Haukumkuta mchawi wala mgeni mwenye sumu. Ulikuta watu wanaotumia maji yaliyo karibu nao. Mara nyingine bomba liko mbali, au limekauka, au foleni ya bidoni ni ndefu. Mama anayeteka maji ziwani saa kumi na moja alfajiri si mzembe. Anafanya hesabu ya kuni, ya fedha na ya muda. Tukitaka aache, ni lazima tujue hesabu yake.

[MUZIKI MFUPI]

Sehemu ya nne: Dawa iliyochelewa zaidi ya miaka mia

Sasa tugeuke upande wa pili wa habari. Kipindupindu huuaje? Hakili nyama ya mtu. Hukausha. Kijidudu kinapoingia tumboni hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili. Mtu aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Damu inakuwa nzito, figo zinasimama, moyo unashindwa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa ugonjwa huu, usemi huo si lazima utimie. Maji ya mwili yakimwagika yanaweza kurudishwa, mradi yarudishwe haraka na pamoja na chumvi yake.

Jambo hili lilianza kujulikana zamani. Mwaka 1832, kolera ilipokuwa ikiua watu Uingereza, daktari Thomas Latta wa mji wa Leith, Scotland, aliwatilia wagonjwa maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa, na wengine waliokuwa wakikata roho wakafumbua macho. Lakini wenzake wengi hawakumfuata, na kwa miaka mingi wagonjwa waliendelea kutolewa damu na kunyimwa maji, ati maji yataongeza kuhara.

Baadaye seromu ya mshipani ilikubalika, ikaokoa wengi. Lakini seromu inataka sindano safi, chupa nyingi na mtu aliyesomea. Mahali penye wagonjwa elfu moja na muuguzi mmoja, haitoshi.

Basi kwa nini mgonjwa asinywe tu maji ya chumvi? Walijaribu. Maji ya chumvi peke yake yaliingia na kutoka. Ufunguo ulikuwa sukari. Ilipofika miaka ya 1960, wataalamu walikuwa wamegundua kwamba ukuta wa utumbo una vijilango ambavyo sukari na chumvi hupita pamoja, zimeshikana mikono, na maji huzifuata nyuma. Kipindupindu huvuruga mambo mengi, lakini vijilango hivyo hakivifungi. Mwaka 1968, huko Dhaka katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kolera wanaokunywa maji yenye kipimo sahihi cha chumvi na sukari huhitaji seromu ya mshipani kidogo sana kuliko wengine.

Hata hivyo wakubwa wengi wa tiba walisita. Dawa ya kikombe? Ya kupewa na mama asiyejua kusoma? Jibu lilitoka kambini.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India. Katika mji wa mpakani wa Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni hospitali nzima, na chupa za seromu zikimalizika. Akaagiza chumvi na sukari zipimwe, zifungwe katika pakiti, zichanganywe na maji safi kwenye mapipa yenye bomba. Kisha akafanya jambo lililoonekana la ajabu. Akawakabidhi vikombe ndugu za wagonjwa. Mama alimnywesha mwanawe, mume alimnywesha mkewe. Kabla ya hapo, katika kambi za namna ile, wagonjwa hata 30 kati ya 100 walikuwa wakifa. Kwa waliotibiwa kwa maji yale, vifo vilishuka hadi chini ya 4 kati ya 100.

Mwaka 1978 jarida lile lile la The Lancet liliandika kwamba ugunduzi huu huenda ukawa hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ya 20. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa kupambana na magonjwa ya kuhara. Unaukumbuka mwaka 1978? Ni mwaka ule ambao kolera ilifika kwetu. Ugonjwa na dawa yake vilikuwa njiani kwa wakati mmoja. Lakini ugonjwa hauhitaji gari, wala mwalimu, wala bajeti. Dawa inavihitaji vyote vitatu.

Wenzetu wa Bangladesh walilielewa hilo. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama kutengeneza maji hayo kwa chumvi ya jikoni na sukari guru. Katika miaka kumi walifika katika nyumba zaidi ya milioni 12. Hawakugawa karatasi na kuondoka. Mama alichanganya mwenyewe mbele yao, kisha wengine walirudi baadaye kumwuliza anakumbuka nini.

[MUZIKI MFUPI]

Sehemu ya tano: Goma na Kagunga

Tulinganishe sasa maziwa mawili na miaka miwili.

Julai 1994, watu kwa mamia ya maelfu walikimbia Rwanda wakaingia Goma, kando ya Ziwa Kivu. Maji ya karibu yalikuwa ya ziwa. Ardhi ni mawe ya volkano, huwezi kuchimba choo wala kaburi kwa jembe. Kolera ikaingia. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Misaada ilikuwepo, lakini ilichelewa, na penye wagonjwa wengi hivyo hakukuwa na mikono ya kutosha ya kunywesha.

Mei 2015 ilikuwa zamu ya mwambao wetu. Machafuko ya Burundi yaliwakimbiza watu wengi kupitia Nyanza-Lac hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Maelfu kwa maelfu walijazana ufukweni wakisubiri usafiri. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa ikiwabeba kuwapeleka Kigoma, kiasi cha watu 600 kwa safari. Wakati wa kusubiri, watu walikunywa maji ya ziwa, wakaoga humo, na wengine hawakuwa na choo kingine. Kolera ikalipuka.

Kufikia tarehe 22 Mei mwaka ule, Umoja wa Mataifa ulihesabu wagonjwa wapatao 3,000. Waliokufa walikuwa 31, wakimbizi 29 na Watanzania wawili. Kila mmoja kati ya hao 31 alikuwa na jina na watu wake, na wengine wanaotusikiliza leo waliwazika. Hatusemi walikuwa wachache. Tunasema kwamba kwa kiwango cha vifo vya zamani wangeweza kuwa mamia. Waliobaki waliokolewa na wahudumu waliofika mapema, seromu kwa waliozidiwa, na kwa wengi zaidi, kikombe cha maji yenye chumvi na sukari.

Tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza tena mlipuko wa kolera, ulioanzia Bujumbura. Na katika miaka hii ziwa limepanda. Gatumba na Rumonge nyumba zimeingiliwa na maji. Ziwa linapoingia uani huingia pia chooni, na kilichokuwa chooni hutoka kutembea. Kwa hiyo habari hii haijawa ya zamani.

[MUZIKI MFUPI]

Sehemu ya sita: Sasa kijiko

Ndugu msikilizaji, tumefika jikoni. Ukiwa na pakiti za chumvi ya kunywa kutoka kituo cha afya au duka la dawa, tumia hizo kwanza, maana zimepimwa vizuri kuliko mkono wowote. Fuata kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiwa huna pakiti, fanya hivi.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua lita moja ya maji safi, yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo chake. Angalia chombo chako: chupa kubwa ya bia haifiki lita moja. Chupa mbili za nusu lita ndiyo lita kamili. Tia vijiko vidogo sita vya sukari, vya usawa, visiwe na kilima. Tia nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, nayo ya usawa. Koroga mpaka vyote viyeyuke. Onja kabla ya kumpa mgonjwa. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga, anza upya. Chumvi nyingi humdhuru mtoto, na sukari nyingi huongeza kuhara.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, kijiko baada ya kijiko. Aliyezidi miaka miwili mpe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula aendelee kula. Maji hayo yasilale zaidi ya siku moja. Kesho tengeneza mengine. Na kwa mtoto, uliza kituo cha afya vidonge vya zinki, vya siku 10 hadi 14.

Sasa onyo, na tunaomba wasomaji wa vikundi walisome mara mbili. Maji haya ni ya kumvusha mgonjwa njiani, si ya kumbakiza nyumbani. Kuhara maji meupe kama ya mchele, macho kudidimia, ngozi ya tumbo kubaki imekunjamana ukiifinya, kutokojoa, kulegea au kusinzia ovyo: ukiona moja ya haya, ondoka sasa hivi kwenda kituo cha afya, usiku au mchana, na mnyweshe njia nzima. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe.

Usifue nguo za mgonjwa ziwani wala mtoni. Wakati wa kolera oga nyumbani, kwa maji uliyoyatia dawa, hata kama ni kata tatu na kipande cha sabuni.

Kama kuni ni ghali, kuna njia ya jua. Jaza maji yasiyo na tope katika chupa ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, ilaze juu ya bati juani kwa saa sita. Siku ya mawingu, iache siku mbili. Ni njia iliyopimwa, na nguvu yake yatoka kwenye jua lile lile linalokausha ndagala zetu.

Sehemu ya saba: Dawa za bibi, moja moja

Tuliahidi kurudi kwenye elimu ya nyumbani. Hatukuja kuidharau. Tumekuja kuiwekea mipaka.

Kusukutua koo kwa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo hupunguza maumivu. Ni salama kwa mtu mzima na kwa mtoto anayejua kutema. Koo lenye usaha, au homa inayoendelea, linataka mganga wa kituo.

Kumpangusa mtoto mwenye homa kwa kitambaa cha maji vuguvugu humtuliza kidogo. Yasiwe maji baridi sana, maana yatamfanya atetemeke. Na kumbuka, kitambaa hakitibu malaria. Kwenye mwambao huu, homa ya mtoto ni ya kupimwa siku ile ile.

Kujifukiza hulegeza pua iliyoziba. Lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watoto wengi. Mtoto asifukizwe hivyo.

Kukandwa na maji ya moto baada ya kujifungua humpa mama raha, na mikono ya mama mkwe au shangazi ina dawa yake. Jaribu maji kwanza kwa kiwiko chako. Usikande kidonda cha upasuaji. Na mama mwenye homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu au damu nyingi, asikandwe akasubirishwa. Apelekwe.

Maji moto ya Mugara, au beseni la maji ya moto kidogo nyumbani, hupumzisha misuli na viungo vya mvuvi na mkulima. Mwenye ugonjwa wa sukari asitumbukize mguu kabla mwingine hajapima joto, kwa sababu mguu wake unaweza kuungua bila kusikia.

Kuungua: hapa maji ni dawa ya kwanza. Kwa wale wanaochemsha mawese, na kwa kila mwenye jiko, mimina maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Usipake mawese, dawa ya meno wala majivu.

Umeng'atwa na mbwa? Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nenda ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Kuosha tu hakutoshi, na chanjo bila kuosha inaacha kazi nusu.

[MUZIKI WA KUFUNGIA UNAANZA CHINI CHINI]

Mpenzi msikilizaji, kuna jambo ambalo kijiko hakiwezi. Hakiwezi kuleta bomba mtaani. Watafiti wa mwaka 1992 walikuta kijidudu ziwani, na mabomba wakayakuta safi. Hilo ni agizo kwa kila mwenye mamlaka ya maji, na ni haki yako kuuliza katika mkutano wa mtaa: bomba letu litafika lini, na lile lililopo mbona limekauka? Uliza kwa adabu, uliza tena mwezi ujao. Huku nyumbani, hakikisha kila mtu anayefika umri wa kushika kikombe anajua vijiko sita na nusu kijiko.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika mtaa wenu, nani bado huteka au huoga ziwani, na ni hesabu gani inayompeleka huko?

2. Kila mmoja atengeneze lita moja mbele ya wenzake. Je, wote mmepata ladha moja?

3. Usiku wa manane mgonjwa akizidiwa, mtampeleka kituo gani, kwa chombo gani, na nani atakayekuwa akimnywesha njiani?

Tukutane kipindi kijacho. Afya njema kwako na kwa wote wa nyumbani.

[MUZIKI UNAPANDA, UNAISHA.]